Mpaka Umepotea? Karatasi Yako Inaweza Kukuonyesha

Kwetu Bunagana na Jomba, shamba moja limegusana na lingine. Katikati yake ni jiwe, mti ao mfereji mdogo tu. Tarehe 13 Juni 2022, vita ilipofika Bunagana, watu wengi walivuka mpaka kwenda Kisoro, Uganda. Wengine walikimbilia upande wa Goma. Mtu anaporudi, anakuta majani yamefunika kila kitu, na jiwe la mpaka halionekani tena. Hapo maneno yanaanza: "Shamba yangu ilikuwa inafika kule." "Hapana, iliishia hapa!"

Wandugu, kabla ya kugombana, tutafute ile karatasi ya kununua ao ya kukodi. Mara nyingi imeandikwa ukubwa wa shamba kwa ari, bila urefu wake. Lakini ukijua ukubwa, na upande mmoja ungali unaonekana, upande uliopotea unaweza kuutafuta kwa hesabu.

Hesabu yenyewe

Ari moja ni mita 10 kwa mita 10, ni kusema mita za mraba 100. Tuseme karatasi inasema ari 12. Upande wa barabara bado unaonekana: mita 30. Shamba lina pembe nne zilizonyooka.

Kwanza, geuza ari kuwa mita za mraba: 12 × 100 = 1.200.
Pili, gawanya kwa upande unaoujua: 1.200 ÷ 30 = 40.

Basi, toka barabarani mpaka kwenye jiwe lililopotea ni mita 40. Hakikisha: 30 × 40 = 1.200. Wengi wetu tunakosea kwa kugawanya 12 kwa 30 bila kugeuza ari kwanza.

Kama shamba ni pana juu na jembamba chini, na karatasi inaonyesha pande hizo mbili, kwa mfano mita 35 na mita 25, zijumlishe: 60. Nusu yake ni 30. Gawanya 1.200 kwa 30, unapata tena mita 40.

Kupima mlimani

Kabla ya kuingia shamba lililokaa muda bila kulimwa, uliza kwanza kama kuna mabomu yaliyobaki. Ukiona chuma usichokijua, usikiguse.

Chukua kamba isiyovutika, yenye fundo kila mita. Usiilaze juu ya mteremko. Mahali panaposhuka mita 6, kamba ya mita 10 iliyolazwa chini inakusogeza mbele mita 8 tu. Ivuteni ikae sawa kama maji ndani ya sahani, kipande kwa kipande, mkishuka kama kwenye ngazi. Lakini waulize wazee: siku ile ya kuuziana, kamba ilipimwaje? Kama ililazwa chini, mpime vile vile.

Mwite jirani, naye apime

Hapa njo penye kazi. Tuseme toka barabara mpaka mfereji kuna mita 70, na ndani yake muko wawili, wote mkiwa na upana wa mita 30. Wewe una ari 12, unapata mita 40. Jirani ana ari 9, anapata mita 30. Jumla 70. Amani, pigeni vijiti.

Lakini kama karatasi ya jirani inasema ari 10 na nusu, yeye anapata mita 35. Jumla inakuwa 75, na udongo uko mita 70 tu. Mita 5 hazipo! Hazikuibwa na yeyote kati yenu. Pengine zamani mtu aliandika ari kwa kukadiria na macho. Mita 5 kwa 30 ni ari moja na nusu. Ukipanda viazi kwa sentimita 80 kwa 30, ni mashina 625. Si kidogo, ndiyo sababu watu wanashikana mashati.

Hesabu haiwezi kusema nani apoteze. Inaonyesha tu ukubwa wa ugomvi: mita 5, si shamba zima. Kwa mita 5, watu wanaweza kukaa chini mbele ya chefu wa lokalite na wale walioshuhudia, wakagawana hasara, mita mbili na nusu kila mmoja.

Mkishapatana, pandeni miti ya mpaka siku ile ile, wote mkiwepo. Kisha andikeni karatasi mpya. Msiandike ari peke yake: andikeni pande zote nne kwa mita, na majina ya mashahidi. Kopi moja ibaki kwenye koperative. Jiwe linaweza kupotea tena, lakini watoto wetu watajua pa kuanzia kupima.