Je, Wajua? Kijiji Kinachogeuka Mji wa Metali

Je, wajua kwamba moja ya matamasha makubwa zaidi ya muziki wa metali duniani hufanyika kwenye mashamba ya kijiji? Wacken, kaskazini mwa Ujerumani, ina wakazi wapatao 2,000 tu. Tamasha la kwanza, mwaka 1990, lilihudhuriwa na watu takriban 800. Siku hizi hufurika mashabiki zaidi ya 80,000, wanaolala kwenye mahema.

• Kiu: Mwaka 2017 waandaaji walifukia ardhini bomba la bia lenye urefu wa kilomita 7 hivi.

• Matope: Mwaka 2023 mvua ilizidi hadi milango ikafungwa mapema. Maelfu waliokuwa na tiketi walirudi makwao.

• Wenyeji: Bendi ya matarumbeta ya zimamoto ya kijiji nayo hupanda jukwaani.

• Ishara: Mashabiki huinua kidole cha shahada na cha mwisho, mfano wa pembe. Aliyeieneza ni mwimbaji Ronnie James Dio, aliyesema aliiona kwa bibi yake mwenye asili ya Italia. Bibi aliitumia kujikinga na jicho la husuda!