Keja Kubwa Kitengela ama Bedsita South B? Hesabu Ndio Hii

Kodi ni ileile. Kitengela unapata vyumba viwili, lakini jam ya Mombasa Road inakula usingizi wako. South B unabanana kwa bedsita, ila unalala. Kama kwako zote ni sawa tu, ziko kwa mstari mmoja. Wachumi huuita mstari wa kutobagua.

Mstari huo umepinda. Ukitoka bedsita, unaweza toa saa nzima ya usingizi upate chumba cha pili. Cha nne je? Hata dakika kumi hutoi.

Expressway ilipofunguliwa Mlolongo hadi Westlands 2022, ladha yako haikubadilika. Usingizi tu ndio ulipata bei.

Beshte akihamia Kajiado mjini, mbali zaidi na tao, usimcheke. Mstari wake si wako.