Mzazi wa Arobaini na Simu Iliyo Mfukoni mwa Mume

Sura Maryam inatusimulia jinsi Bibi Maryam (AS) alivyofikwa na uchungu akiwa peke yake penye shina la mtende, hata akatamani lau angekufa kabla ya hayo. Hapo akaitwa na sauti iliyomliwaza asihuzunike, kwani chini yake pana kijito, na mtende akiutikisa utamwangushia tende mbivu. Tuzingatie jambo moja: sauti ile haikuja peke yake, bali ilikuja pamoja na maji na chakula.

Leo sauti za kumfikia mzazi kutoka mbali zimeongezeka. Mwaka 2012 kampeni ya Wazazi Nipendeni ilianza kuwatumia wajawazito na wenye watoto wachanga nchini Tanzania ujumbe wa simu wa Kiswahili, bila malipo. Akina mama wa msikiti wetu nao wana kundi lao la simu, ambamo mwalimu wa madrasa huweka darsa fupi za sauti, na mkunga mstaafu hujibu maswali. Tuliridhika sana, kwa kuwa aliye katika nifasi hahudhurii darsa zetu, na siku zake arobaini humpitia chumbani.

Kuridhika huko kulikatizwa na tukio la mwaka huu. Mzazi mmoja wa mtaani kwetu, siku ya tano baada ya kujifungua, aliumwa kichwa kisichosikia dawa na macho yakafanya kiwi. Nyumbani wapo waliosema ni uchovu, na wapo waliosema ni upepo. Jioni alishikwa na kifafa, akapoteza fahamu. Hospitalini ilielezwa kuwa ni kifafa cha mimba, maradhi ambayo wengi wetu tulidhani hayamfuati mama baada ya kujifungua. Alhamdulillahi, alipona. Lakini asubuhi ya siku ile ile mkunga wetu alikuwa ametuma kundini maelezo ya dalili hizo hizo. Nyumba ile ina simu moja tu, nayo ilikuwa sokoni, mfukoni mwa mume.

Hatumlaumu ndugu yetu, aliyekuwa akitafuta riziki ya halali. Kosa ni letu sisi wanakamati. Tuliyafanya mafunzo ya uzazi kuwa shughuli ya wanawake, ilhali simu tumezishika wanaume. Aya ya 233 ya Sura al-Baqara, inayotaja kunyonyesha miaka miwili kamili, ndiyo hiyo hiyo inayomwajibisha baba chakula na mavazi ya mama kwa wema, na kukataza mama asidhuriwe kwa sababu ya mwanawe. Nasaha inayookoa uhai nayo ni amana. Haifai ikaishia mfukoni.

Kwa hiyo, kila Alhamisi baada ya Isha, tumeanza kuwasomea wanaume yale yanayotumwa kwa wake zao. Mzazi akitokwa na damu nyingi, akipata homa, kichwa kikali, ukungu machoni au shida ya kupumua, au mtoto akiacha kunyonya, asingojewe hadi asubuhi. Hapa Tanzania namba 115 ya mpango wa M-mama hupigwa bure kuomba usafiri wa dharura. Hata asiye na dalili aangaliwe: mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2022 unataja saa 24 za mwanzo, kisha kati ya saa 48 na 72, kati ya siku ya 7 na ya 14, na wiki ya sita.

Tunawaomba akina baba, katika arobaini hizi, simu ibaki nyumbani inapowezekana. Isipowezekana, jirani au wifi mwenye simu apokee ujumbe kwa niaba ya mzazi. Na anayeupeleka asiende mikono mitupu. Achukue na uji wa pilipili manga, amshike mtoto, mama alale kidogo.

Mwenyezi Mungu awahifadhi wazazi wetu na watoto wao. Amin.