Mlima wa Mungu na Vitanda vya Hoteli

Sisi wa Voi na milima ya Taita tumezoea kuona magari ya watalii. Ziko hoteli ndani ya mbuga ya Tsavo, na kule Salt Lick vyumba vimejengwa juu ya nguzo ili mgeni awatazame ndovu wakinywa maji. Tangu mwaka 2017 reli mpya nayo inatuletea wageni. Hatuna neno na hayo, maana vijana wetu hupata riziki humo, na wazee walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini leo tuulize: hoteli ya kifahari ikijengwa, si kando ya ndovu, bali kando ya mahali watu waendapo kumtafuta Mungu, mambo huwaje?

Tutazame nchi ya Misri, kwenye mlima wa Sinai. Hapo chini ya mlima ipo nyumba ya watawa ya Mtakatifu Katerina, iliyojengwa katika karne ya 6 kwa amri ya Kaisari Justinian, na ibada haijakoma humo hata leo. Mahujaji hupanda mlima usiku, ngazi kwa ngazi za mawe, wapate kuomba jua likichomoza. Wenyeji wa jangwa, Wabedui wa kabila la Jebeliya, ndio wanaowaongoza.

Mwaka 2021 serikali ya Misri ilianza mradi mkubwa mahali hapo: hoteli, nyumba za kupanga, maduka, na kupanua uwanja wa ndege. Serikali ilisema ni zawadi kwa dini zote na kwa dunia nzima. Mwaka 2023 kamati ya UNESCO inayotunza urithi wa dunia iliomba ujenzi usimamishwe kwanza, madhara yake yapimwe. Mwezi wa Mei 2025 mahakama ikaamua kwamba ardhi ni mali ya serikali, na watawa wana haki ya kuitumia tu. Makanisa ya Kiorthodoksi yalihuzunika sana.

Si Wakristo peke yao wanaokutana na jambo hili. Kule Makka, ngome ya kale ya Ajyad ilibomolewa mwaka 2002, na hapo pakasimama majumba yenye hoteli na maduka, mnara wake mkubwa ukifika mita 601 juu ya Msikiti Mtakatifu. Mwenye fedha nyingi hulala akiiona Al-Kaaba dirishani. Maskini hulala mbali.

Je, biashara kando ya mahali patakatifu ni dhambi? Tusome vizuri. Katika Kumbukumbu la Torati sura ya 14, Mungu alimruhusu msafiri wa mbali auze zaka yake, achukue fedha mkononi, na kununua mahitaji yake akifika. Basi wenye kuuza njiwa Yerusalemu walianza kama msaada kwa msafiri. Kosa lilikuwa nini? Marko sura ya 11 inatuonyesha: Bwana Yesu alisema nyumba ile ni ya sala kwa mataifa yote. Mataifa walikuwa na ua mmoja tu wa kuombea, ule wa nje, na tunaelewa kwamba meza za biashara zilikuwa zimewekwa hapo. Mgeni asiye na mahali pengine alinyang'anywa mahali pake.

Hapo ndipo penye mpaka, ndugu zangu. Mkate, maji na kitanda ni ukarimu. Lakini huanza na barabara, ikafuata hoteli, bei ya ardhi ikapanda, mwenyeji akasogezwa, na mwisho hata ukimya ukauzwa. Eliya alipofika mlima huo wa Mungu, Bwana hakuwamo katika upepo, wala tetemeko, wala moto. Ilikuja sauti ndogo, ya utulivu. Ataisikiaje mtu aliyezungukwa na muziki na honi?

Tazameni Namugongo, Uganda, walipochomwa mashahidi tarehe 3 Juni 1886. Kila mwaka watu huenda huko kwa miguu, wengine wakitoka Kenya. Njiani parokia huwapokea, na wengi hulala chini uwanjani. Yakobo naye pale Betheli alilalia jiwe, na mbingu zikafunguka.

Na sisi? Wazee wa Taita walikuwa na fighi, misitu midogo ambayo mtu hakukata hata kuni. Ibada zao si zetu, lakini walijua kwamba si kila ardhi huuzwa. Siku mtu atakapokuja na mfuko wa fedha, akitaka kujenga kando ya kilima mnachokwea kuomba au ya kanisa la kale, ninyi wazee wa kanisa muulizeni mambo matatu. Mama atokaye Sagalla kwa miguu atapata mahali pa kuketi bila kulipa? Jirani mwenye shamba atabaki? Na usiku patakuwa kimya? Akishindwa kujibu, msitie sahihi.

Bwana atupe mioyo ya kumkaribisha mgeni, na ujasiri wa kumlindia maskini mahali pake pa kuomba. Amina.