NJIWA ALIYESHIKWA NA PAKA: USIKIMBILIE KISU



Vijijini kwetu watu wengi hufuga njiwa. Wengine huwafuga kwa ajili ya nyama. Wengine, hasa watoto, huwafuga kwa kuwapenda tu. Njiwa aliyezoea watu humjua mwenye kumlisha. Hutua begani mwake na kula mtama mkononi mwake. Siku njiwa huyo akishikwa na paka, mtoto hulia kama aliyefiwa.

Mara nyingi wazee husema: "Mchinjeni upesi, asife kibudu." Kama utumbo umetoka nje, au kama njiwa anapumua kwa shida na hawezi kuinua kichwa, wazee wana haki. Kumchinja ni kumpunguzia mateso. Lakini njiwa anayeweza kusimama mara nyingi anaweza kupona. Mimi nimewaona wengi waliopona.

Kwanza tazama ni nani aliyemshika. Kipanga huja mchana. Hushuka kwa kasi na kupasua ngozi ya mgongo kwa kucha. Jeraha lake ni kubwa na linatisha, lakini huonekana na huweza kuoshwa. Paka ni tofauti. Meno yake ni membamba kama sindano. Huacha vitundu vidogo, na manyoya huvifunika. Mwenye njiwa hutazama, haoni damu, naye hufurahi. Kumbe ndani ya vitundu hivyo paka ameacha vijidudu vya mdomoni mwake. Vijidudu hivyo huingia katika damu. Njiwa huanza kusinzia, huacha kula, na baada ya siku mbili au tatu hufa. Kwa hiyo hata tundu moja la jino la paka ni jambo la haraka.

Wakati mwingine utaona mkia wote umekwisha, lakini ngozi ni nzima. Usiogope. Njiwa akishikwa kwa ghafla huachia manyoya, na paka hubaki na manyoya mdomoni. Yaliyong'oka yote na mizizi yake huota tena kwa muda wa wiki kadhaa.

Mfunike njiwa kwa kitambaa chepesi, ndipo umshike. Mbane mabawa yasipigepige, lakini usimkaze kifua. Njiwa hupumua kwa kupanua kifua. Ukimkaza sana atakufa mikononi mwako.

Kama damu inatoka, bonyeza mahali hapo kwa kitambaa safi. Bonyeza kwa dakika tano bila kuchungulia. Damu yote ya njiwa ni kama vijiko vitano vya chai tu. Kidogo unachokiona wewe, kwake ni kingi.

Kisha mpe joto. Joto la mwili wa njiwa ni karibu nyuzi 41. Letu sisi ni 37. Kwa hiyo njiwa mzima ukimshika huwa wa moto mkononi. Ukiona ni wa baridi, yuko hatarini. Mweke katika boksi lenye matundu ya hewa na kitambaa chini. Jaza chupa maji ya moto kiasi, izungushie kitambaa, uiweke upande mmoja wa boksi. Akizidiwa na joto ataweza kusogea upande wa pili. Weka boksi mahali penye giza na kimya. Watoto wasimfunguefungue kila mara kumtazama. Hofu peke yake huweza kumuua.

Akitulia, baada ya saa moja hivi, osha jeraha. Chemsha maji, yaache yapoe. Katika nusu lita tia kijiko kimoja cha chai cha chumvi, kilichosawazishwa. Punguza kwa mkasi manyoya yaliyo kando ya jeraha ili yasigandie. Osha polepole mpaka uchafu utoke. Kama nzi wametaga mayai, yaondoe yote, maana kesho yatakuwa funza.

Sasa nasema jambo ambalo wengine hawatalipenda. Usipake majivu. Usipake mafuta ya taa, wala oili chafu ya gari, wala unga wa betri kuukuu. Njiwa hujisafisha kwa mdomo wake. Chochote unachompaka atakimeza.

Dawa ya vijidudu vya paka ni antibiotiki. Mpeleke njiwa kwa mtaalamu wa mifugo siku hiyo hiyo, au kesho yake asubuhi. Mwambie ni paka aliyemuuma, na saa ngapi. Yeye atapima dawa kwa uzito, maana njiwa ana gramu 300 tu au karibu na hapo. Usifungue kidonge chako cha hospitali na kumkisia. Muulize pia ni siku ngapi zipite kabla nyama ya njiwa huyo haijafaa kuliwa.

Kama anakunywa maji na maji yanatoka shingoni, kifuko chake cha chakula kimepasuka. Kinahitaji kushonwa. Hiyo si kazi ya nyumbani.

Bawa likining'inia, likunje kama lilivyo bawa zima. Lifunge mwilini kwa utepe laini wa khanga kuukuu. Bawa la pili na miguu viwe huru. Tazama kama anapumua vizuri. Mifupa ya ndege huunga upesi, kwa wiki mbili au tatu. Mfupa uliotoboa ngozi ni wa mtaalamu.

MAKINDA YALIYOBAKI KIOTANI

Wengi hulisahau jambo hili. Njiwa hutaga mayai mawili. Dume na jike huatamia kwa zamu, muda wa siku 17 au 18. Mchana huwa zamu ya dume, na usiku ni ya jike. Siku za kwanza makinda hawali nafaka. Wazazi wote wawili huwatapikia uji mweupe unaotengenezwa katika kifuko cha shingoni.

Mwaka 2021 msichana mmoja wa darasa la tano alimletea bwana mifugo wetu njiwa jike katika kikapu. Nami nilikuwapo. Paka alikuwa amemuuma jioni. Babu alikuwa amekwisha kunoa kisu. Msichana akamwomba babu angoje mpaka asubuhi, kwa sababu kiotani mlikuwa na makinda wa siku tatu. Tulipopekua manyoya tulikuta matundu mawili chini ya bawa na moja mgongoni. Jike alipewa dawa akapona. Lakini usiku ule kinda mmoja alikufa kwa baridi. Dume alikuwa akiwalisha, ila usiku hakuwafunika. Yule wa pili tulimtia katika kiota cha njiwa wengine wenye kinda wa umri ule ule. Walimlea kama wao.

Kwa hiyo jike akiumia, watazame makinda siku hiyo hiyo. Wakiwa wamekwisha kuota manyoya, dume peke yake aweza kuwakuza.

CHAKULA NA KURUDI KWA WENZAKE

Mwekee mgonjwa maji katika kikombe kizito. Njiwa hunywa kwa kuzamisha mdomo na kufyonza. Usimmiminie maji mdomoni, yataingia mapafuni. Mpe mtama, ulezi na choroko. Kinyesi chembamba cha kijani kibichi huonyesha kwamba hali. Kama siku ya pili bado hali, loweka choroko katika maji ya vuguvugu. Mfungue mdomo, weka punje moja nyuma ya ulimi, angoje ameze, kisha nyingine. Nawa mikono kwa sabuni kila umalizapo.

Usimrudishe bandani kwa haraka. Mwache kwanza aruke ndani ya chumba kilichofungwa. Akiweza kupanda mwenyewe mpaka juu ya mlango, mara tatu au nne bila kuhema, mtoe asubuhi, si jioni. Na kabla ya siku hiyo, zungushia bati nguzo za banda, kiasi cha urefu wa mkono, ili kucha za paka zikose pa kushika.