Mafuta ya Karafuu Hupimwa kwa Tone

Jino likianza kuuma usiku wa manane Unguja au Pemba, nyumba nyingi hutafuta kwanza kichupa cha mafuta ya karafuu. Wana sababu. Mafuta haya, ambayo kiwanda cha Wawi, Chake Chake, huyatoa kwenye makonyo (vikonyo vya karafuu) kwa mvuke, kwa sehemu kubwa ni kemikali iitwayo yujenoli. Hutia ganzi na kuua bakteria, na hata daktari wa meno huichanganya na oksidi ya zinki kuzibia jino kwa muda.

Lakini karafuu ya kwenye pilau ni kitu kimoja, na mafuta yake ni kitu kingine. Kijiko kimoja cha chai cha mafuta kina nguvu ya mamia ya karafuu. Ukiyapaka bila kuyazimua, huunguza ufizi na kuacha kidonda kinachouma kuliko jino lenyewe. Weka tone moja katika kijiko cha chai cha mafuta ya nazi, chovya pamba kidogo, gusa jino tu, kisha tema. Maumivu yakitulia, bado nenda kliniki ya meno, kwa sababu tundu halijazibika na usaha haujatoka.

Wanaojipaka ngozini kufukuza mbu au kukanda misuli wazimue zaidi: tone moja kwa vijiko viwili vya chai vya mafuta ya nazi. Kuyadondoshea kwenye maji ya kuoga hakusaidii, maana hayachanganyiki na maji. Hujitenga na kuzama, yakakugusa yakiwa makali vilevile. Anayetumia dawa ya kuzuia damu kuganda, kama warfarini, asiyanywe kabisa. Paka nao wasipakwe, kwani ini lao hushindwa kuyavunja.

Hofu yangu kubwa kama mfamasia ni watoto. Mwaka 1993 madaktari wa Uingereza waliandika habari za mtoto wa miaka 2 aliyekunywa kati ya mililita 5 na 10. Alipata degedege, akapoteza fahamu, damu ikashindwa kuganda na ini likaumia vibaya. Alinusurika, lakini kwa shida. Kiasi hicho ni kijiko kimoja au viwili vya chai, na vichupa vingi vinavyouzwa hubeba zaidi ya hapo. Kwa hiyo nawasihi akina bibi na mama: msipake mafuta haya kwenye ufizi wa mtoto anayeota meno. Kitambaa safi kilicholowekwa maji baridi kinatosha. Na kichupa kisikae dirishani wala kwenye meza ya vipodozi. Kifungiwe kabatini, juu.

Mtoto akiyanywa, usimtapishe, maana mafuta yanaweza kuingia kwenye mapafu. Usimpe maziwa ukingoja uone. Madhara ya ini hujitokeza baada ya saa kadhaa, mtoto akiwa ameonekana mzima. Mkimbize hospitali hapo hapo, na ubebe kichupa ili daktari ajue kilichonywewa ni nini na kimepungua kiasi gani.