Fulana Nyeusi za Gikomba
Wapenzi wa roki wana sheria ambazo hazijaandikwa popote. Vaa nyeusi, usivae fulana ya bendi usiyoijua na, zaidi ya yote, usiende kwenye tamasha na fulana ya bendi ileile inayopanda jukwaani. Sheria hizi zilikomaa Uingereza na Marekani, ambako fulana hununuliwa mlangoni mwa tamasha na kuwa ushahidi kwamba mwenyewe alikuwepo. Zikifika Buruburu, Umoja au Kayole, mitaa ya Eastlands jijini Nairobi, zinapwaya. Huku fulana ya Metallica au Iron Maiden hutoka kwenye robota la mitumba. Anayewahi soko la Gikomba robota likifunguliwa huondoka na kamera, yaani zile safi zaidi. Anayechelewa huachiwa fagia, kwa bei ya kutupa. Ndiyo maana makanga anaweza kuvaa fuvu na jina la bendi ambayo hajawahi kuisikia, na asiulizwe na mtu. Shabiki anayemdai kijana ataje nyimbo tatu ndipo astahili fulana yake anasahau kwamba ilichaguliwa kwa kitambaa, saizi na uzito wa mfuko. Tena huenda jina hilo la kifuani ndilo litakalomtuma akaitafute bendi yenyewe.

Nyeusi nayo ina historia yake ya kushukiwa hapa Kenya. Mwaka 1994 Rais Moi aliunda tume ya kuchunguza ibada za shetani, chini ya Askofu Mkuu Nicodemus Kirima, na ripoti yake ikawekwa hadharani mwaka 1999. Hofu ya wakati ule haijaisha, na msalaba uliopinduliwa kwenye fulana bado unaweza kuzua maswali nyumbani. Kwa hiyo anayefunga zipu ya jaketi mpaka afike ukumbini si mwoga. Anaishi kwa mamake, na atarudi huko usiku.

Ninayoikataa kabisa ni ile sheria ya tatu. Wanaoitetea husema kuvaa fulana ya bendi inayopiga ni ushamba. Labda ni hivyo kwa bendi yenye mamilioni ya mashabiki. Lakini hapa kwetu hata Duma, kundi la wawili wa Nairobi waliovuma kwa roki nzito, albamu yao ya mwaka 2020 ilitolewa na kampuni ya nje, Nyege Nyege Tapes ya Kampala. Kwa bendi ndogo ya hapa, isiyo na kampuni ya kuibeba, fulana chache zikinunuliwa mlangoni ni pesa ya mazoezi na nauli ya kubeba ngoma. Wapo watakaosema roki ni ya watu wa Westlands, Eastlands ibaki na hip hop na gengetone. Lakini hip hop nayo ilitoka Marekani, na Kalamashaka wa Dandora hawakuomba ruhusa ya mtu kuiimba kwa Kiswahili na Sheng.

Sheria ya maana ni ile inayomlinda jirani. Mbele ya jukwaa watu hurukiana na kugongana, basi vaa viatu vinavyofunika vidole, na bangili ya misumari iache nyumbani. Fulana ya bendi ukiikuta mlangoni na pesa unayo, inunue uivae palepale.